Mkono Juu ya Mita

Mita ilisoma sifuri asubuhi ya Jumapili, na Elisifa akasimama chini yake barazani akisubiri mlio. Mlio ule kila mwenye mita hizi mpya anaujua: ta, kama mtu kavunja kijiti kikavu ndani ya boksi, halafu taa inazimika, redio inakata neno katikati, na nyumba nzima inakuwa kama imefumba macho. Siku nyingine wangewasha mshumaa wakaendelea na mambo yao. Lakini siku hiyo alikuwa na mayai mia moja na kumi ndani ya mashine ya kutotolesha, siku ya kumi na nane, vifaranga wameshajaa kwenye maganda. Mwanawe Praygod hakuwa na hela ya luku, yaani ya kununua umeme, mpaka Jumanne. Eunike, mke wa Praygod, alikwenda kuazima kwa jirani akaambiwa arudi jioni.

Na baridi ya Julai hapa Mwika si ya mchezo. Ukungu unashuka kutoka mlimani, unaingia katikati ya migomba, unakaa humo kama mgeni asiyejua kuaga. Yai lililokosa joto linakufa kimyakimya, wewe unadhani limelala.

Basi Elisifa akatumia alichokuwa nacho. Akaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya mita, akafumba macho, akaomba. Hakusema mengi. Alisema yeye ni mjane, na kwamba viumbe wale hawakuwa na kosa.

Akangoja. Mlio haukuja. Taa ya barazani ikaendelea kuwaka mchana kweupe, na ndani, balbu za mashine zikaendelea kuwa nyekundu kama makaa. Alikwenda kanisani akarudi, umeme upo. Jumatatu ukawepo. Jumanne Praygod akaja na hela ya luku mfukoni, akaitoa simu ili anunue, na mama yake akamshika mkono.

"Mungu anatoa, wewe unataka kulipia? Kanunue chakula cha vifaranga."

Praygod alimtazama mama yake, akaitazama mita, akairudisha simu mfukoni. Hela ya luku si kitu ambacho mtu anabembelezwa asikitoe.

*

Jumatano ilikuwa zamu ya Elisifa kupokea ibada ya jumuiya. Wanawake walijaa sebuleni mpaka wengine wakakalia ndoo zilizogeuzwa. Na kwa jinsi mambo yalivyopangika, ndiyo siku mayai yalipoanza kupasuka. Katikati ya wimbo wa pili ilisikika ko, ko, ko kutoka chumba cha pembeni, na wimbo ukafa wenyewe.

Elisifa akatoa ushuhuda wake. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, sifuri ile, baridi ile, mkono ule. Mzee wa kanisa Ndelilio, ambaye hata sadaka huihesabu mara tatu, alitoka nje barazani akavaa miwani yake na kusoma mita kwa sauti: "Sifuri, nukta, sifuri sifuri." Akainua macho, akaiona taa inawaka juu ya kichwa chake. Akavua kofia. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Walipita mmoja mmoja kuigusa ile mita, wengine kwa kidole tu kama wanagusa pasi.

Flavia alikuwa wa mwisho kuondoka. Flavia ni mjane pia, ila mdogo, wa miaka thelathini na kitu, anakaa chini ya barabara, naye ana mashine ya kutotolesha. Alikuwa ameuza mbuzi wake wa pekee ili anunue mayai ya mbegu. Alimsogelea Elisifa karibu na mlango kwa sauti ya mtu anayeuliza dawa.

"Mama, samahani. Uliweka mkono gani?"

"Wa kulia," alisema Elisifa, wala hakufikiri.

Kesho yake Mchungaji alimtumia salamu kwamba Jumapili ya Mavuno, ambayo ilikuwa wiki inayofuata, atampa nafasi asimame mbele ya usharika aseme aliyotendewa. Elisifa akatoa kitenge chake cha Krismasi, akakinyoosha. Tangu mzee wake afariki hakuna mtu aliyewahi kumwomba asimame mbele ya watu kwa jambo lolote.

*

Jumatatu watu wa umeme walikuja na gari yao yenye ngazi juu. Walikuwa wawili na hawakuwa wakali. Walisema kompyuta ya ofisini inaonyesha mita hii haina uniti hata moja kwa siku nane, lakini umeme unapita kama kawaida. Waliikagua lakiri, wakaikuta nzima. Hata hivyo waliing'oa mita, wakafunga nyingine, wakamwandikia Elisifa karatasi ya kwenda ofisini Moshi mjini kesho yake, yeye mwenyewe mwenye jina.

Vifaranga walikuwa tisini na wawili, wanalia kwenye boksi lao chini ya taa. Eunike alikimbia kununua namba za luku kabla hawajapoa.

Ofisini Elisifa alikaa na Praygod kwenye benchi refu mpaka jina lake lilipoitwa. Binti wa dirishani alisoma karatasi, akauliza bila kuinua uso walifanya nini kwenye mita. Elisifa alijibu kwa sauti ileile ya jumuiya, maana hakuwa na nyingine ya jambo hilo.

"Tuliiombea."

Kwanza alicheka mtu mmoja kwenye benchi, kicheko cha puani. Halafu mwanaume mwenye faili kwapani akasema, "Mama, na yangu nikuletee. Mimi nina hoteli." Hapo benchi lote likacheka. Binti wa dirishani aliinamisha kichwa nyuma ya kompyuta yake, lakini mabega yalimsaliti. Praygod aliangalia viatu vyake.

Waliitwa chumba cha nyuma. Fundi aliyekuwa humo, jina lake Shedrack, hakucheka. Alimwamkia, akamvutia kiti, akaweka ile mita mezani na kusema anaifungua mbele yao ili wasije wakasema wamewekewa kitu. Akakata lakiri, akafungua kifuniko, akachomoa kiboksi kidogo cheusi kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Nacho akakifungua.

"Hii tunaiita rilei," alisema. "Umeme wote wa nyumba yako unapita hapa, Mama. Unaona hivi vidonge viwili vya chuma, kama punje za dengu? Vikigusana umeme unakuja. Vikiachana umekatika. Uniti zikiisha mita inakisukuma kimoja mara moja tu, ta, kinaachana na mwenzake, kinabaki hivyohivyo. Ukiingiza namba kinasukumwa tena, kinarudi. Katikati hapo hakishikiliwi na kitu."

"Kama komeo la zizi," alisema Elisifa polepole. "Ukishalisukuma unaenda kulala."

"Ndiyo hivyo, Mama. Sasa la kwako limeungana na mlango."

Akachukua bisibisi nyembamba akajaribu kuvitenganisha vile vidonge. Havikutikisika. Vilikuwa vimeyeyuka vikashikana, na pembeni yake kulikuwa na weusi kama wa sufuria ya kuni. Shedrack akauliza nani anachomelea nyumbani.

Praygod alikohoa. Alisema alikuwa akichomelea geti kwa mashine ya kuazima, uniti zikamwishia katikati ya kazi, fimbo ya kuchomelea ikiwa imegandia kwenye chuma. Eunike akaingiza namba kabla yeye hajazima mashine. Walisikia kishindo kutoka kwenye mita na harufu kidogo, lakini umeme ulirudi, wakashukuru.

"Ni hapo," alisema Shedrack. "Ilirudisha umeme kwenye mzigo mkubwa kwa mpigo, cheche ikaruka, vikaungana. Tangu siku hiyo mita ikisema kata, hakuna wa kukata. Hii siyo wizi, nitaandika hivyo. Uniti mlizotumia baada ya sifuri mtakatwa kidogokidogo mkinunua."

Elisifa hakusikia habari ya kukatwa. Alikuwa anatazama kile kiganja chake juu ya paja.

"Geti lilikuwa lini?" aliuliza.

"Wiki mbili kabla ya ile Jumapili, Mama," alisema Praygod.

"Kwa hiyo ningeweka mguu ingekuwa sawa."

Shedrack alifunga mita taratibu kuliko ilivyohitajika. Alisema kuomba si kosa. Elisifa angeona afadhali kama naye angecheka.

Walipokuwa wanapanda kurudi, Praygod alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mita mpya imeshafungwa, ya zamani iko Moshi, na Mwika nzima hakuna anayejua rilei ni nini. Jumapili aseme maneno mafupi tu ya shukrani, yapite. Elisifa hakukubali wala hakukataa, na mwenye kunyamaza namna hiyo huwa ameshakubali.

*

Jumatano asubuhi alikuwa anatoka kukata majani ya ng'ombe alipokutana na Flavia kwenye kijia cha mfereji. Flavia aliutua mkungu wake wa ndizi ili amwamkie vizuri. Uso wake ulikuwa umechangamka kuliko kawaida. Alisema zimebaki uniti tatu tu, labda zifike keshokutwa, lakini hana wasiwasi. Ile hela ya luku ameshaitia kwenye bahasha ya mavuno.

"Nimesema nianze kwa kutoa," alisema. "Wewe si ulianza kwa kuamini?"

Mzigo wa majani ulikuwa kichwani kwa Elisifa, na maji yake yakimtiririka shingoni. Maneno yalikuwa mafupi kabisa. Flavia, kanunue luku. Matatu tu. Lakini nyuma ya matatu hayo kulikuwa na mengine yaliyofungwa pamoja nayo, benchi lile, kicheko kile, kofia ya Ndelilio, kitenge kilichonyooshwa kikamsubiri. Akayaona yote yakija kwa foleni.

"Mungu ni mwema," alisema.

"Wakati wote," alijibu Flavia, akajitwika ndizi zake.

Elisifa alitembea hatua kama ishirini, akageuka. Flavia alikuwa bado anaonekana. Angeweza kumwita. Aliuweka mzigo sawa kichwani akaenda zake, akijiambia kwamba mtu mzima na akili zake hawezi kuacha kununua umeme kweli.

*

Habari aliileta Eunike Jumamosi asubuhi kutoka mashineni alikokwenda kusaga. Umeme wa Flavia ulikatika Ijumaa alfajiri. Jirani mmoja alitaka kumkopesha hela, Flavia akakataa, akasema kukopa ni kutoamini. Alishinda barazani siku nzima, mkono kwenye mita, na ukungu umemzunguka. Leo asubuhi kavunja yai moja, halafu la pili. Mayai mia moja na ishirini, siku ya kumi na sita.

Eunike alieleza hayo akimwaga unga kwenye debe, bila kumtazama mama mkwe wake. Naye alikuwa anajua. Nyumbani mle walikuwa wanajua wote watatu, na vifaranga tisini na wawili wanalia pembeni ya jiko.

Elisifa alitoka nyuma ya nyumba, kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la migomba, ambako mzee wake alipanda masale enzi hizo, akachuma jani moja la isale. Mchagga anayekuletea isale kuomba radhi hahitaji kueleza mengi, na wewe uliyeletewa, hata kama kakuulia mtoto, huna ruhusa ya kumfukuza. Ndivyo walivyoachiwa. Alilifunga fundo kama ilivyo desturi, akaliweka chini ya kitenge, akashuka barabarani.

Flavia alikuwa anachimba shimo nyuma ya jiko. Mayai yalikuwa kwenye ndoo mbili, mengine yamefunikwa kwa gunia kwa heshima, kama maiti. Alipomwona Elisifa alifuta mikono haraka, akaamkia kwanza.

"Shikamoo, Mama. Najua umekuja kunionya."

"Marahaba. Nikuonye nini?"

"Nimekosea mimi. Niliweka mkono wa kushoto." Akaunyoosha wa kulia, umezungushiwa kitambaa. "Huu nilijikata na panga kwenye mgomba Alhamisi, ulikuwa unatoka damu. Nikasema hata wa kushoto ataona. Lakini wewe ulisema wa kulia."

Elisifa alikaa chini pale pale, kwenye udongo uliochimbwa, mwanamke wa miaka sitini na minne na kitenge safi. Akalitoa jani la isale akaliweka mapajani. Kisha akamweleza. Alimweleza kiboksi cheusi, punje mbili za dengu, geti, na benchi la Moshi. Kile kicheko hakukiruka.

Flavia alisikiliza amesimama, jembe mkononi.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Na Jumatano tulikutana mferejini."

"Tulikutana."

Kuku mmoja wa Flavia akaja kuchokora udongo katikati yao, naye hakuna aliyemfukuza. Mwishowe Flavia aliinama akalichukua lile jani kutoka mapajani kwa Elisifa. Hakulipokea kwa mikono miwili.

"Nimelichukua kwa kuwa ni isale. Siwezi kulikataa," alisema. "Lakini, Mama, siku ile hukuniambia peke yangu. Sebule ilikuwa imejaa."

Akaendelea kuchimba. Elisifa aliondoka bila kuagwa.

*

Jumapili ya Mavuno uwanja wa kanisa ulikuwa na kila kitu: mikungu ya ndizi mshare, kahawa kwenye madebe, maziwa, maboga, mbuzi wawili, jogoo waliofungwa miguu. Elisifa aliweka tenga lake la vifaranga thelathini alilokuwa ameahidi tangu ile Jumatano ya jumuiya. Watu waliokuwa wamelizunguka walikuwa wakitaniana nani atashinda mnada wa kuku wa muujiza. Flavia alipita karibu naye na bahasha yake mkononi. Hakuamkia.

Ndani ya kanisa, Mchungaji alimwita baada ya kwaya. Elisifa hakuwa amevaa kitenge cha Krismasi. Alishika kipaza sauti kwa mkono wa kulia, akautazama, akakihamishia wa kushoto.

"Niliwaambia umeme wangu haukukatika kwa sababu niliomba," alisema. "Haukukatika kwa sababu kitu ndani ya mita kiliungua. Fundi amenionyesha. Nimejua tangu Jumanne nikanyamaza kwa aibu. Flavia ameniamini, ameua mayai yake yote kwa kuniamini. Na Jumatano nilikutana naye uso kwa uso, nikamwambia Mungu ni mwema."

Mchungaji, ambaye ana moyo wa huruma, alisogea akaanza kusema kwamba hata hivyo, ndugu zangu, Bwana hutumia njia nyingi.

"Mchungaji," alisema Elisifa, kipaza sauti kikiwa bado kinywani, "naomba usinisaidie."

Akashuka. Njia ya katikati ya kanisa lile haijawahi kuwa ndefu hivyo. Mtu mmoja alivuta mguu wake ndani ya benchi, kama anayekwepa maji ya matope.

Nje, mnada uliendeshwa na Ndelilio kama kila mwaka. Na kwenye mnada wa mavuno kitu hakiendi kwa bei yake, kinapandishwa, maana hela ni ya Mungu na majirani wanatazamana. Boga moja lilifika elfu kumi. Jogoo alipiganiwa na shemeji wawili mpaka watu wakashangilia. Halafu Ndelilio akainua tenga la Elisifa. Akakohoa.

"Vifaranga thelathini, wa wiki moja na nusu."

Hakuna aliyesema. Vifaranga tu ndio waliosema, tena wote kwa pamoja. Elisifa alisimama nyuma ya watu karibu na ukuta, na kila mlio ulimwingia mwilini kama sindano.

"Thelathini," alisema tena Ndelilio. "Wazima."

"Elfu moja."

Ilikuwa sauti ya Flavia. Alikuwa amesimama peke yake upande wa jua, mkono uliofungwa kitambaa ameushika na mwingine. Watu waligeuka. Elfu moja hainunui hata kifaranga mmoja sokoni Mwika, sembuse thelathini, sembuse kanisani. Ndelilio aliuliza kama kuna wa elfu mbili. Mwenye duka la pembejeo alifungua kinywa kwa mazoea, na mke wake akamkanyaga mguu bila kumtazama. Ndelilio akauliza mara ya pili. Uwanja mzima uliangalia chini, kila mtu kama aliyeangusha shilingi.

Yule mzee anayehesabu sadaka mara tatu hakuuliza mara ya tatu.

"Ameshinda Flavia," alisema.

Flavia alifungua fundo la kitenge, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akalipa. Kisha akalibeba tenga kifuani, akapita katikati ya watu mpaka ukutani. Elisifa alitamani ukuta umpishe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," alijibu Elisifa.

"Hawa wanataka joto, na kwangu giza. Kwako mna uniti ngapi?"

"Nne na kidogo."

"Zikiisha?"

Elisifa alishika upande wa pili wa tenga, kwa mikono yote miwili.

"Zikiisha itakata," alisema. "Itakata, mwanangu, na tutakwenda kununua."